Nusu Kilo

Mizani ile ilianza maisha mwaloni, kisiwani Kome,
ikipima sangara kwa mkono wa tajiri Kachwele,
na kila mvuvi alijua inamla
akanyamaza, maana deni la nyavu lilikuwa kwa huyohuyo.
Kachwele aliponunua nyingine
akaitoa sadaka kwenye zahanati ya masista.
Watu wakacheka: kapata pa kutupia dhambi.

Sista Hedwiga aliisugua siku tatu kwa magadi na maji moto.
Harufu ya samaki haikutoka.
Akaitundika kwenye boriti ya baraza.
Mama anafunga kanga fundo, mtoto ananing'inia kwenye kulabu,
anapiga mateke hewani kama sato,
na Sista, kwa Kiswahili chake kilichokuja na meli,
anamkemea: "Wewe usiruka, mzee! Mimi nasoma!"

Kitabu cha kliniki kilikuwa na mstari mwekundu.
Aliye chini yake, kopo la maziwa ya unga, na mafuta.
Aliye juu, ushauri.
Mimi nilikuwa chini:
Mazigo wa Nyanjura, miezi saba, kilo tano na nusu.
Mama yangu alianika dagaa mchana, alikohoa usiku.
Kopo lile alilipokea kwa mikono miwili
kama anayepokea komunyo,
ingawa alikuwa Msabato.

Yaliyofuata niliambiwa na Sista Perajia, mwana wa Ukerewe,
msichana mbichi wakati huo, kazi yake kuchemsha bandeji.
Siku moja sukari ilifika kutoka mjini,
paketi haijafunguliwa, kilo mbili.
Hedwiga akaitundika, kwa mchezo tu.
Sindano ikasimama kwenye moja na nusu.
Akaitoa. Akairudisha.
Akatundika paketi ya pili.
Kisha akakaa chini, akavua miwani,
akapitisha kidole kwenye majina kitabuni:
watoto thelathini na mmoja wangevuka mstari
kwa ukweli mtupu,
bila kuongezwa hata kijiko.

Usiku ule chemli haikuzimwa.
Asubuhi mizani ilikuwa palepale kwenye boriti,
foleni imefika hadi kwenye minyaa,
na yeye, kalamu mkononi,
anaandika kile sindano ilichosema.

Tangu hapo kila padri alipovuka kutoka Nyakaliro
Hedwiga alikaa kwenye maungamo
kuliko wavuvi wote wa kisiwa.
Alichosema mle ndani si changu.
Ila Perajia asema alitoka amenuna,
akanawa mikono, akaenda kuosha mguu wa mzee Lubatula,
ule uliooza, ambao hata wanawe waliukimbia.

Wakamwita kwao alipokuwa hawezi tena kupanda mtumbwi.
Barua yake ya mwisho haikuulizia kanisa
wala nani kafa.
"Mizani iko wapi?" iliandikwa. "Msiitengeneze."

Mimi sasa ni mtu wa Vipimo, Mwanza.
Nina mawe ya shaba kwenye sanduku na muhuri wa risasi.
Pale Kirumba wananijua; wakiniona
wengine hufunika mizani kwa gunia
kama vile nimekuja kuirogea.
Nimevunja nyingi. Silali vibaya.

Mwezi uliopita ukaguzi ukanishusha Kome.
Perajia, mvi zimejaa chini ya shela, akanifungulia stoo
asiseme kitu.
Ilikuwa kwenye msumari, kutu imeila,
na harufu ilikuwa haijaondoka.

Sheria naijua, kifungu kwa kifungu.
Nikaishika kulabu,
nikaivuta taratibu mpaka sindano ikafika tano na nusu,
nikaishikilia hapo.
Mkono ulijua ni sita.

"Unaandika nini?" akauliza Perajia.
Nilikuwa sijaandika.
Nilikuwa bado nimejibeba.